Maua Yamekataa Kuchanua: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Bustani za Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Malalamiko kuhusu maua hujirudia kila mwaka kwa utaratibu ule ule. Mvua za masika zinaponyesha Machi hadi Mei, watu hueleza kwamba miwaridi imejaa madoa na mizizi imeoza. Kiangazi cha Januari na Februari kikifika, hueleza kwamba matumba yanakauka kabla ya kufunguka. Na wapo wanaosafiri hadi Menengai au msitu wa Kakamega wakarudi bila kuona ua hata moja. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na uchunguzi usiogharimu chochote umewekwa kabla ya ule unaohitaji fedha, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo haya hutokana na mahali, maji na majira, wala hayaponi kwa chupa ya dawa kutoka agroveti.

Mmea umesitawi na majani ni tele, lakini hautoi maua

Anza na jua. Miwaridi, bogenvilia na mimea mingine mingi ya maua huhitaji takriban saa sita za jua la moja kwa moja kila siku. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja wa nyumba mwaka mzima: mwezi Juni huelekea kaskazini na mwezi Desemba huelekea kusini. Tuta lililo kusini mwa ukuta mrefu hupata kivuli katikati ya mwaka, na lililo kaskazini hupata kivuli mwishoni mwa mwaka, hata kama mwenye nyumba anakumbuka vizuri kwamba mahali hapo palikuwa na jua kali siku alipopanda. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza husifu ukuta unaotazama kusini, na ushauri huo hautufai. Litazame tuta lako saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Likiwa kivulini mara mbili kati ya hizo tatu, hamisha mmea au upogoe matawi yanayolifunika.

Jua likiwa la kutosha, shuku nitrojeni. Katika nyumba nyingi za Magharibi, mbolea iliyobaki baada ya kukuzia mahindi, yaani yuria au CAN, humwagwa kwenye maua ili isipotee, na samadi mbichi ya kuku huwekwa kwa wingi kwa nia njema. Mmea hupokea vyote hivyo na kuvigeuza majani. Acha kuweka mbolea ya aina hiyo kwa miezi miwili au mitatu, kisha utumie mboji iliyooza vizuri peke yake.

Chanzo cha tatu ni maji ya kupita kiasi, hasa kwa bogenvilia. Mmea huu huchanua vizuri baada ya kuhisi kiu, ndiyo maana katika mitaa ya Kisumu hupendeza zaidi wakati wa kiangazi, ilhali anayeumwagilia kila jioni huvuna miiba na majani. Subiri udongo ukauke sentimita tano za juu kabla ya kumwagilia tena. Pogoa mara tu maua yanapoisha, kwa kuwa maua yajayo hutoka kwenye machipukizi mapya, na mkasi unaopita wakati machipukizi hayo yanakaribia kuchanua huondoa msimu mzima.

Vyanzo viwili vilivyobaki ni vya nadra. Mjakaranda uliooteshwa kutokana na mbegu unaweza kukaa miaka saba au zaidi kabla ya kuchanua mara ya kwanza, kwa hiyo ukiona mti wa jirani umegeuka zambarau Septemba au Oktoba na wako ungali kijani kitupu, uliza kwanza ulipandwa lini. Krisanthemu na poinsetia, kwa upande wao, huongozwa na urefu wa usiku, na taa ya usalama inayowaka hadi alfajiri karibu nazo inaweza kuzuia maua. Wakulima wa kibiashara huwasha taa usiku kwenye krisanthemu kwa makusudi hayo hayo, ili shina lirefuke kabla ya kuchanua. Zima taa hiyo au uielekeze kwingine kwa wiki kadhaa uone.

Mmea unanyauka ilhali udongo una maji

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu zaidi ya zote, kwa sababu anayeona mmea umenyauka hukimbilia maji, na maji ndiyo yanayouua. Tambarare za Kano na mitaa mingi ya Kisumu ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba ukilowa na kupasuka nyufa pana ukikauka. Ukilowa, nafasi za hewa huzibika, mizizi hukosa pumzi na huanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji hata kama umezama ndani yake.

Uchunguzi ni rahisi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na mmea, lijaze maji, na ulitazame kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, tatizo lako ni udongo. Kwa mimea ya kwenye vyungu na ndoo, inua chombo na uhakikishe kwamba tundu la chini halijazibwa na mizizi au matope. Kisha fukua mzizi mmoja: wenye afya ni mweupe na mgumu, ulioharibika ni wa kahawia, unateleza na unanuka.

Tiba ya udongo mweusi ni kuinua tuta, si kulichimba zaidi. Tuta lililoinuliwa kwa sentimita 30 hivi, lenye mboji na samadi iliyooza, huuokoa mmea ambao ungekufa katika shimo lililochimbwa kwenye udongo huo, kwa kuwa shimo hilo hugeuka kisima mvua ya kwanza inaponyesha. Nashauri pia usimwage mchanga kidogo ukitumaini kulainisha mfinyanzi. Mchanga mchache na mfinyanzi mwingi hufanya kitu kigumu kuliko vyote viwili. Ikiwa huna uwezo wa kuinua tuta, panda kana, ambayo huvumilia unyevu na hutoa maua mekundu na ya manjano kwa muda mrefu.

Udongo ukiwa haujajaa maji na mmea umelala ghafla, tazama kama kuna vichuguu vidogo vya udongo uliosukumwa juu. Fuko hula mizizi na viazi vya maua kutoka chini, na mmea uliokatwa mizizi hung'oka kwa mkono bila kupinga. Mchwa nao huacha vijia vya udongo kwenye shina.

Kuna chanzo cha mwisho ambacho hutokea mara chache lakini hakitakiwi kupuuzwa: mnyauko bakteria, ambao hushambulia dahlia na marigodi kama unavyoshambulia nyanya na viazi. Kata shina karibu na udongo na ulisimamishe ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ugonjwa ni huo. Hapo acha kila kitu. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya. Usiutupe mmea huo kwenye mboji, usigawe miche kutoka tuta hilo, osha jembe kwa dawa ya klorini, na umwite afisa wa kilimo wa wadi yako, kwa sababu ugonjwa huu hukaa udongoni kwa miaka na shamba la viazi la jirani liko hatarini.

Ncha za majani zimekauka na kugeuka kahawia

Chanzo cha kawaida ni ukame wa kawaida: upepo mkavu wa Januari na umwagiliaji wa juujuu unaolowesha uso wa udongo pekee. Mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kidogo kila siku, tandaza majani makavu kwenye shina, na utazame majani mapya. Yale yaliyokauka hayatarudi kuwa ya kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima mafanikio.

Majani mapya yakiendelea kukauka ncha, na unatumia maji ya kisima kirefu Nakuru, Naivasha au Gilgil, basi yachunguze maji yenyewe. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutia floraidi na chumvi za magadi katika maji ya ardhini. Chumvi huacha ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na juu ya udongo. Floraidi haionekani, lakini mimea fulani huionyesha mapema: gladioli, lili na drasena hukauka kuanzia ncha na kushuka pembezoni mwa jani, huku waridi lililo kando yake likiwa halina dalili yoyote. Tofauti hiyo kati ya mimea miwili ya tuta moja ni ushahidi mzuri kuliko kitu kingine chochote unachoweza kukiona kwa macho.

Thibitisha kwa kutenga vyungu viwili vya mmea wa aina moja: kimoja ukimwagilie maji ya kisima, kingine maji ya mvua uliyoyakinga kwenye bati, kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Majani mapya ya chungu cha mvua yakitoka safi, umepata jibu. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mimea hiyo dhaifu, pitisha maji hayo kwa wingi kwenye vyungu ili yaoshe chumvi, na uepuke mbolea ya supafosfeti, ambayo nayo huwa na floraidi. Majivu ya kuni hayafai kwenye udongo wa aina hii, kwa kuwa huongeza magadi pale ambapo tayari yamezidi. Ukiona majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, mmea unakosa chuma kwa sababu udongo wenye magadi huufungia. Pima udongo kwanza kabla ya kununua chuma cha kunyunyizia.

Hapa nasisitiza jambo linalozidi maua. Kisima kinachochoma gladioli huenda ndicho kinachotoa maji ya kunywa ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na floraidi inayozidi huharibu meno ya watoto yangali yanakua. Kuyachemsha hakuiondoi. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji, wala usiridhike na dalili za majani.

Matumba yanadondoka, au yanafunguka yakiwa yameharibika

Umwagiliaji usio na utaratibu ndio chanzo kikuu: siku nne za kiu, kisha ndoo tatu kwa mkupuo. Mmea uliobeba matumba huyaachia kwanza ili ujiokoe. Rekebisha hilo na usubiri matumba ya awamu inayofuata.

Matumba yakibaki mtini lakini kingo za petali ziwe za kahawia na zilizokunjamana, kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Vidudu vyembamba vinavyotambaa kama nyuzi fupi ni vithiripi; vidoa vyekundu vinavyotembea polepole, pamoja na utando mwembamba chini ya majani, ni utitiri mwekundu; na vikundi vya wadudu laini vilivyojikusanya kwenye shingo ya tumba ni vidukari. Vyote hupungua vikipigwa na maji ya mpira asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo, hasa chini ya majani. Visipokwisha, changanya kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwenye majani machache, na kama hayajaungua baada ya siku moja unyunyizie jioni.

Katika nyanda za baridi za Molo na Mau, tumba lililofunikwa na manyoya ya kijivu lina kuvu inayopenda baridi na unyevu. Likate, lichome, na upunguze matawi ya katikati ili upepo upite. Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, matumba yaliyochanika upande mmoja hayana ugonjwa wowote.

Ukifikia hatua ya dawa ya wadudu, zile za pareto, ua jeupe lililoifanya Molo ijulikane, huvunjika upesi kwenye jua, lakini nazo huua nyuki. Usinyunyizie ua lililofunguka, na usinyunyizie mchana. Nunua kopo lenye lebo ya usajili, na lisilo na lebo ulirudishe.

Mwaridi una madoa meusi au unga mweupe

Magonjwa haya mawili huchanganywa mara nyingi, na tiba ya moja huweza kuchochea lingine. Madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, yanayofuatwa na jani kugeuka manjano na kudondoka, huhitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi, na kwa hiyo hutawala wakati wa masika Kakamega na Kisii. Mwagilia chini ya shina asubuhi, okota majani yote yaliyoanguka na uyachome. Ubwiri unga, ule unga mweupe unaokunja majani machanga, hauhitaji jani lililolowa. Hupenda siku zenye joto na usiku wa baridi, kama zile za Nakuru na Naivasha. Pogoa katikati ya kichaka na upunguze nitrojeni. Mmea ukipoteza majani yote misimu miwili mfululizo licha ya usafi, ung'oe na upande aina inayostahimili. Kuutibu kwa dawa kila wiki kwa ajili ya maua ya sebuleni hakustahili gharama wala hatari yake.

Maua ya mwaka huu si ya rangi ya mwaka jana

Haidrenjia iliyokuwa ya buluu Kericho na kugeuka rangi ya waridi Nakuru haina kasoro: udongo wenye asidi, ule unaopendwa na chai, huipa rangi ya buluu, na udongo wenye magadi huiondoa. Mwaridi ulioanza kutoa maua madogo yasiyofanana na yake umezidiwa na shina la chini lililotumiwa kuunganishia. Fuata chipukizi hilo hadi linapotokea chini ya kiungo na uling'oe. Ukilikata tu litarudi.

Maua ya kukatwa yanainamisha shingo kabla ya siku mbili

Mara nyingi hewa au bakteria imeziba shina. Kata sentimita mbili za chini kwa kisu kikali, kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayozama, na utumie chombo kilichooshwa kwa sabuni. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Chombo kisiwekwe karibu na ndizi zinazoiva, kwa maana gesi inayotoka kwenye matunda hayo huzeesha maua. Gladioli, tena, ziwekwe kwenye maji ya mvua.

Umefika porini na hakuna maua

Karibu kila mara umekosea majira. Murembe, mti wenye maua mekundu kama makaa, huchanua wakati wa kiangazi ukiwa hauna majani, ilhali lili ya moto, ile yenye kichwa cha duara chekundu, hutokeza mvua zinapoanza na hudumu kwa muda mfupi sana. Anayetaka nyasi zilizojaa maua asubiri wiki mbili au tatu baada ya mvua kukolea. Anayetaka mijakaranda ya mitaa ya Nakuru aje kati ya Septemba na Novemba. Anayetaka mikrismasi ya Kisumu, miti ile ya maua mekundu, aje kuelekea Desemba.

Majira yakiwa sahihi, angalia saa. Yungiyungi la buluu kwenye kingo tulivu za ziwa hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri, kwa hiyo anayefika saa kumi huona matumba tu. Angalia pia mwinuko: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na Nakuru 1,850 hivi, na kinachochanua huku huenda bado kimelala kule. Malisho na moto wa nyika huja baada ya hapo. Pwani ya Ziwa Nakuru kuna chanzo cha pekee: maji ya ziwa yamepanda tangu miaka ya 2010 na kuua migunga mingi iliyokuwa ikitoa maua ya manjano yenye harufu nzuri, na ile iliyosimama mikavu majini haitachanua msimu wowote.

Usishuke garini hifadhini kwa ajili ya ua, na usiingie mafunjo ya Dunga, kando ya ziwa pale Kisumu, kwa miguu: kiboko hujificha humo. Mwendesha mashua wa pale anajua mahali salama, na anastahili ujira wake.

Mmea ulioutoa porini umekufa nyumbani

Okidi nyingi za Kakamega huishi juu ya magome ya miti, mizizi ikiwa hewani, na udongo wa chungu huziozesha. Zaidi ya hayo, kung'oa mimea katika hifadhi na misitu ya serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na Sheria ya Misitu ya 2016. Nunua kwenye kitalu, uulize ilizalishwa wapi, na uifunge kwenye gome. Gugumaji la Ziwa Viktoria, hata likiwa na maua mazuri ya zambarau, lisipelekwe kwenye bwawa la nyumbani. Lilitoka Amerika Kusini na mafuriko ya msimu mmoja yanatosha kulisambaza mtoni.

Macho yanawasha, ngozi imeungua, au mtoto ameonja ua

Hapa mpangilio wa kawaida unageuka: usichunguze chanzo kwanza. Utomvu wa mnyaa, mmea unaopandwa kama uzio wa boma katika nyumba nyingi za Magharibi, huweza kuharibu jicho. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mnanaha, oliyanda, thivetia ya manjano na gloriosa zina sumu katika sehemu zake zote, na mbegu za thivetia huathiri moyo. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usisubiri dalili. Beba tawi la mmea huo umpeleke hospitali mara moja. Fanya vivyo hivyo kwa dawa ya wadudu, ukibeba kopo lenye lebo. Nyuki waliohamia kwenye mti wako wa maua waondolewe na mfuga nyuki mwenye mavazi ya kazi, jioni, na tawi linalogusa waya wa umeme likatwe na watu wa kampuni ya umeme pekee, hata kama ngazi unayo.